Nobu ya Kizingiti

Mwaka 1962, Bethesda, Marekani. Katika maabara ya Arnold Starr, ndani ya taasisi za taifa za afya, kuna paka mwenye elektrodi kichwani. Kando yake ipo kompyuta mpya kabisa iitwayo LINC, iliyoletwa na Wesley Clark na Charles Molnar kutoka Massachusetts. Umeme wa ubongo wa paka unaingia kwenye mashine, mashine inakokotoa, na jibu linajichora kwenye kioo hapo hapo, paka angali mbele yao. Walifurahi mpaka wakacheza wakiizunguka mitambo.

Furaha ile inaeleweka. Kabla ya hapo ishara zilirekodiwa kwenye tepu, tepu ikapelekwa kwenye kompyuta kubwa, ikakaa foleni, na majibu yakarudi wakati jaribio limekwisha. Ukigundua kwamba ulipaswa kubadilisha kichocheo, kwa mfano mlio anaosikizishwa mnyama, huna tena mnyama wa kumuuliza.

Ila kuna jambo limenikaa rohoni kwa wiki kadhaa, kila ninapotazama histogramu za miaka ile, yaani michoro inayohesabu seli ilipiga mara ngapi katika kila kipande cha muda. Mara nyingi, baada ya umeme wa seli kuingia kwenye mashine, kilichobaki ndani ni nini hasa?

Orodha ya nyakati.

Volti zenyewe zilikwisha kutupwa.

## Maneno 1,024

Tuanze na hesabu, maana uamuzi wote ulitoka hapo.

LINC ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 1,024, neno likiwa nafasi ya namba moja, kila neno biti 12. Baadaye yakawa 2,048, lakini nusu ya juu ilikuwa ya data tu. Programu ilikaa nusu ya chini. Mpigo mmoja wa seli, yaani mruko mfupi wa umeme wake, huchukua takriban milisekunde 1. Ukitaka kuliona umbo lake vizuri, unapima volti kama mara 20,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo maneno 1,024 yanajaa ndani ya milisekunde 51, tena tukijifanya kwamba programu yenyewe haihitaji pa kukaa. PDP-8, kompyuta nyingine ndogo ya mwaka 1965, iliyouzwa dola 18,000 na kuingia maabara nyingi kwa sababu ya bei hiyo, ilikuwa na maneno 4,096. Hiyo ni kama milisekunde 205, pungufu ya robo sekunde.

Tepu ya LINC nayo isingeokoa jahazi. Iligawanywa katika mafungu ya maneno 256, na mashine ilipokuwa ikiandika fungu haikufanya kazi nyingine. Mipigo iliyofika wakati huo haikuwa na wa kuipokea.

Sasa geuza hesabu. Seli inayopiga mara 50 kwa sekunde, ukihifadhi wakati wa kila mpigo tu, neno moja kwa mpigo, inakupa sekunde 20 ndani ya maneno yale yale 1,024. Na kama hutaki hata nyakati, unataka histogramu tu, visanduku 256, kila kimoja kikihesabu mipigo ya kipande chake cha muda, vinatosha kwa jaribio la saa nzima.

Njia ikawa moja. Sakiti nje ya kompyuta, au vipimo vichache ndani ya programu, vinaamua: hapa kuna mpigo, hapa hakuna. Kinachoingia kumbukumbuni ni saa tu. Ni kama mwenye duka anayeandika saa mteja alipoingia, bila kuandika sura yake wala alichonunua.

Haki yao tuwape: maabara nyingi ziliendelea kurekodi ishara nzima kwenye tepu za analogi sambamba na kompyuta. Waliofanya hivyo waliweza kurudi nyuma. Ila takwimu, picha na makala vilitoka kwenye ile orodha.

## Nobu nane

Kilichoifanya LINC ipendwe hakikuwa kasi. Clark alitaka mashine ambayo mtu akisimama anaweza kuona upande wa pili juu yake, na ambayo mtafiti ataiendesha mwenyewe bila kumpigia magoti mtu wa kituo cha kompyuta. Kiangazi cha mwaka 1963 maabara 12 zilizochaguliwa zilituma watu Cambridge, Massachusetts, wakaunganisha mashine zao kwa mikono na kujifunza kuziandikia programu. Programu ya kuandikia programu, LAP, ilitoka kwa Mary Allen Wilkes. Toleo lake la LAP6 lilimwezesha mtu kuandika na kusahihisha msimbo kwenye kioo katika mashine yenye maneno 2,048.

Mezani kulikuwa na visanduku vinne vilivyounganishwa kwa nyaya na kabati la elektroniki: paneli ya kuongozea, kioo, tepu mbili, na kisanduku cha kuingizia ishara.

Hapo ndipo penye kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mashine ilikuwa na njia 16 za kupima volti kwa amri moja tu, SAM. Njia 8 zilitoka nje, kwa mfano kwenye amplifaya ya elektrodi. Njia 8 nyingine zilikuwa nobu za kuzungusha kwa mkono. Programu iliisoma nobu kama inavyoisoma neva.

Maana yake ni hii: mwandishi wa programu aliweza kuchora mawimbi ya elektrodi kwenye kioo, akachora mstari mlalo juu yake, na urefu wa mstari huo ukafuata nobu. Unazungusha, mstari unapanda. Unazungusha kinyume, unashuka hadi kwenye kelele, ule umeme mdogo usio wa seli unayoifuata. Unauacha pale unapoona mipigo inauvuka na kelele haiuvuki. Mstari huo ndio kizingiti.

Huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika jaribio zima, na ulifanywa kwa jicho na vidole viwili.

## Mpigo unapofika

Tuifuate njia ya mpigo mmoja ndani ya PDP-8, kwa histogramu inayofungamana na kichocheo. George Gerstein na Nelson Kiang waliieleza njia hiyo mwaka 1960 katika jarida la Biophysical Journal, na tangu hapo haijatoka kazini.

Kichocheo kinatolewa, tuseme mlio mfupi. Saa inawekwa sifuri. Seli inapiga, sakiti ya kizingiti inatoa ishara, kompyuta inakatizwa, yaani inaacha kwa muda ilichokuwa ikifanya. Programu inahifadhi namba iliyokuwa ikiifanyia kazi, inauliza nani kakatiza, inasoma saa, inagawanya wakati kwa upana wa kisanduku, inaongeza anwani ya mwanzo wa histogramu, kisha inaongeza moja pale.

Hatua ya mwisho ilikuwa amri moja, ISZ: ongeza moja kwenye neno la kumbukumbu, na matokeo yakiwa sifuri ruka amri inayofuata. Ikitumika kupitia kielekezi, yaani neno linaloshika anwani ya kisanduku, ni mizunguko mitatu ya kumbukumbu, mikrosekunde 4.5. Inafaa sana kwa histogramu, na ina mtego. Kisanduku kikifika 4,095 na mpigo mmoja ukaongezeka, kinarudi sifuri na amri inayofuata inarukwa. Kama hukuweka hapo amri tupu, isiyofanya kitu, au kuruka kwenda mahali pa kushughulikia kufurika, programu inapotea njia katikati ya jaribio. Ukiweka amri tupu, programu inaendelea vizuri, na kilele kirefu kuliko vyote kwenye histogramu kinageuka shimo.

Saa nayo ilikuwa na lake. Kwa biti 12 na hatua za milisekunde 0.1, inazunguka na kurudi sifuri kila milisekunde 409.6. Kwa kurekodi kwa muda mrefu unahitaji neno la pili, ambalo programu inaliongeza kila mara saa inapozunguka. Mpigo ukifika baada ya saa kuzunguka lakini kabla neno la pili halijaongezwa, wakati wake unaandikwa nyuma kwa hatua 4,096. Dalili yake ni rahisi ukiijua: muda mmoja kati ya mipigo unatoka hasi, na unaofuata ni mrefu kupita kiasi kwa hatua 4,096 kamili. Dawa ni kukagua bendera ya saa, alama inayoonyesha kwamba imezunguka, kabla ya kuamini neno la pili. Kusoma neno la pili mara mbili hakutoshi kama uko ndani ya katizo, kwa sababu kazi ya kuliongeza inakusubiri wewe umalize.

Wengine walihifadhi muda kati ya mpigo na mpigo badala ya saa kamili. Njia nzuri, mradi uwe na alama ya ukimya mrefu. Neno moja halibebi zaidi ya milisekunde 409.5, na seli inayonyamaza kwa sekunde nzima itaonekana kana kwamba haikunyamaza.

## Meno yasiyo ya seli

Kuna kosa moja ambalo hata leo naliona kwenye programu mpya kabisa.

Saa inahesabu kwa hatua za milisekunde 0.1. Mtumiaji anachagua visanduku vya milisekunde 0.25. Kisanduku cha kwanza kinapokea hatua 0, 1 na 2. Cha pili kinapokea 3 na 4. Cha tatu 5, 6 na 7. Cha nne 8 na 9.

Tatu, mbili, tatu, mbili.

Seli inayopiga bila mpangilio wowote itatoa histogramu yenye meno kama msumeno, jino kila milisekunde 0.5. Mtu asiyejua atasema seli inatetema mara 2,000 kwa sekunde. Na kwenye neva ya kusikia ya paka jambo hilo linaaminika kirahisi, kwa sababu nyuzi zake kweli hufuata mawimbi ya sauti hadi kilohezi 4 hivi. Ukitaka kulikwepa, upana wa kisanduku uwe kizidisho kamili cha hatua ya saa. Basi.

Upana wenyewe nao unachagua kitakachoonekana. Chukua seli ya mipigo 50 kwa sekunde, kichocheo kirudiwe mara 100. Kisanduku cha milisekunde 1 kinatarajiwa kupata mipigo 5, na kwa bahati tu kitayumba kwa zaidi ya 2 juu au chini. Hiyo ni asilimia 45. Panua hadi milisekunde 5: mipigo 25, kuyumba 5, asilimia 20. Picha imetulia, lakini kilele cha milisekunde 2 kilichokuwapo kimemezwa. Hakuna upana usio na gharama. Kinachowezekana ni kuchora histogramu ile ile kwa upana mbili au tatu na kuona nini kinabaki.

## Seli ilinyamaza, au mstari ulikuwa juu?

Hapa ndipo panaponisumbua.

Seli nyingine hupiga kwa mafungu: mipigo mitatu, minne, mitano mfululizo, kila mmoja mdogo kuliko uliotangulia. Weka kizingiti kwa kufuata mpigo wa kwanza, na wa nne na wa tano watapita chini ya mstari. Histogramu itasema kwamba baada ya kichocheo seli ilipiga kidogo kisha ikatulia. Kumbe ilikuwa ikipiga kwa nguvu zake zote.

Elektrodi nayo husogea. Tishu hupumua na damu inapita. Baada ya dakika 40 mpigo uliokuwa mkubwa mara tano ya kelele sasa ni mara mbili. Idadi inashuka polepole, na ukiangalia namba peke yake utaandika kwamba seli imezoea kichocheo.

Upande wa pili, shusha mstari sana na jirani anaingia. Dalili yake iko kwenye histogramu ya muda kati ya mipigo. Seli moja haiwezi kupiga tena mara tu baada ya kupiga, kwa hiyo chini ya milisekunde 1 visanduku viwe vitupu. Vikiwa na kitu, umechanganya seli mbili, au sakiti yako inahesabu mpigo mmoja mara mbili kwa sababu wimbi lilivuka mstari likipanda na likavuka tena kwa kelele. Kasoro hiyo ya pili huondolewa kwa vizingiti viwili, cha kuwashia juu na cha kuzimia chini yake. Ile ya kwanza huondolewa kwa kusogeza elektrodi, au kwa kuzitenganisha seli kwa umbo la mawimbi yao, jambo ambalo Gerstein na mwenzake walikwisha kulionyesha mwaka 1964.

Kwa muda nilidhani lawama ni ya kompyuta: ukosefu wa kumbukumbu ndio uliotufundisha kusema kwamba neva huongea kwa nyakati. Historia haikubali. Edgar Adrian na Yngve Zotterman walionyesha mwaka 1926 kwamba uzi mmoja wa neva hutoa mipigo ya ukubwa ule ule, na nguvu ya kichocheo huonekana kwenye wingi wa mipigo. Wazo lilikuwapo miaka 36 kabla ya LINC.

Kompyuta haikulileta wazo hilo. Ilichofanya ni kulikaza, kwa sababu baada ya hapo data iliyohifadhiwa haikuwa na uwezo tena wa kulipinga.

## Mara mia moja

Wastani pia una sharti ambalo halisemwi. Ukirudia kichocheo mara 100 na kujumlisha, kelele isiyofungamana nacho inapungua mara 10, kwa kuwa inapungua kwa kipeuo cha pili cha mia. Hilo ni kweli kama seli ya mara ya kwanza ndiyo seli ya mara ya mia, na kama kelele haina saa yake yenyewe.

Umeme wa ukutani una saa. Marekani ni hezi 60, kwetu ni 50. Ukitoa kichocheo mara 10 kwa sekunde sawasawa, milisekunde 100 ni mizunguko 6 kamili ya kule na 5 kamili ya huku. Mvumo wa umeme unaangukia mahali pale pale kila mara, na wastani badala ya kuufuta unaulinda. Toa kichocheo kila milisekunde 103, au bora zaidi, kwa nafasi za kubahatisha.

Kuhusu seli kubadilika, dawa ilijulikana mapema na ilikuwa nafuu: kila kichocheo kiwe na mstari wake kwenye kioo, kila mpigo uwe nukta, kamera iachwe wazi mpaka mwisho. Mistari 100 ya nukta inaonyesha kitu ambacho histogramu inakificha, kwa mfano kwamba seli ilijibu mara 30 za mwanzo kisha ikaacha kabisa. Histogramu ya seli hiyo na ya seli inayojibu kwa theluthi tu kila mara zinaweza kufanana.

## Pale panapopendeza

Histogramu inayokua mbele ya macho yako ni zawadi. Unaona seli haijali mlio wa kilohezi 2, unajaribu 3, inaamka. Siku moja ya namna hiyo inazidi miezi ya kutuma tepu.

Lakini mkono ulio kwenye nobu ndio huo huo ulio kwenye swichi ya kusimamisha. Ukisubiri mpaka kilele kionekane kizuri ndipo usimamishe, kelele tupu itakupa kilele mapema au baadaye. Hili halitibiwi na programu. Idadi ya marudio iandikwe kabla ya kuanza.

## Seli mbili kwa pamoja

Kazi ambayo naiona kuwa kilele cha kipindi chote ni ya Donald Perkel, Gerstein na George Moore, mwaka 1967. Swali lao: seli mbili zinapopiga karibu karibu, je, moja inaiamsha nyingine, au zote mbili zinajibu mlio ule ule?

Programu ni fupi. Kwa kila mpigo wa seli A, hesabu mipigo ya seli B iliyo karibu nao, kabla na baada, uiweke kwenye visanduku kwa tofauti ya wakati. Kisha rudia, safari hii ukilinganisha mipigo ya A na mipigo ya B kutoka marudio yanayofuata ya kichocheo. Kama kilele kimebaki, ni cha kichocheo. Kama kimetoweka, kuna uhusiano kati ya seli zenyewe.

Mwaka 1969 Gerstein na Perkel wakalipeleka mbele kwa mchoro wa nukta wenye pande mbili, wakati wa A upande mmoja, wakati wa B upande wa pili. Kichocheo huchora mikanda inayofuata pande za mchoro. Uhusiano wa seli huchora mkanda wa mshazari. Jicho linatenganisha vitu viwili ambavyo hesabu moja ilikuwa ikivichanganya.

Hata hapo kizingiti kinafuata. Seli mbili zikirekodiwa kwa elektrodi moja, mipigo yao inapogongana mawimbi yanajumlika, na kitenganishi hakitambui moja au zote mbili. Katikati ya mchoro, kwenye sifuri, kunatokea shimo. Ni shimo la kifaa, na ni rahisi sana kulisoma kana kwamba seli moja inainyamazisha nyingine.

## Kichwa cha faili

Leo elektrodi ya Neuropixels inasoma chaneli 384, kila moja mara 30,000 kwa sekunde. Kwa baiti 2 kila kipimo ni megabaiti 23 kwa sekunde, gigabaiti 83 kwa saa. Programu inatenganisha mipigo, inatoa orodha ya nyakati, na baada ya miezi michache mtu anaulizwa kama ile data ghafi inaweza kufutwa ili diski ipumue.

Anayeandika programu ya namna hii, au anayehifadhi matokeo yake, aweke mwanzoni mwa faili kizingiti na kipimo chake, kwa volti na kwa kulinganisha na kelele ya wakati huo. Hatua ya saa. Muda ambao kifaa hakiwezi kupokea mpigo mwingine. Idadi ya marudio iliyopangwa na iliyofanyika. Na kila mara kizingiti kilipobadilishwa, dakika na thamani mpya. Kisha ahifadhi sekunde 10 za mawimbi ghafi kila baada ya dakika 10, zisizochaguliwa kwa uzuri wake. Kwa chaneli moja sekunde hizo ni kilobaiti 600.